Gitaa Kando ya Meza ya Viazi

Vijana wangu wa Bredäng na Norsborg, mmeniletea ombi la kunichekesha. Mnataka kupiga muziki kwenye soko la wakulima msimu huu, na eti mmesikia kwamba mimi ndiye profesa wa kazi hiyo. Profesa! Vidole vyangu vimestaafu kabla yangu, viwili havikunjiki tena, na gitaa langu limetundikwa sebuleni, mke wangu analipangusa vumbi kila wiki kama picha ya marehemu. Lakini mmekuja kwa heshima, na mmoja wenu amekuja na keki, kwa hiyo nitawaambia ninayoyajua. Mtayapanga wenyewe. Mimi nayatoa jinsi yanavyokuja.

Nikiulizwa kazi niliyoifanya hapa Stockholm, husema nilikuwa mpiga muziki wa sokoni. Watu husubiri kidogo, kisha huuliza tena, "Sawa, lakini kazi?" Basi ndiyo, katikati ya wiki nilibeba maboksi kwenye ghala kule Jordbro, na ghala ndilo lililolipa nyumba na viatu vya watoto. Silidharau. Lakini kule ghalani nilikuwa nasubiri Jumamosi tu.

Tuanze na mahali pa kusimama, maana hapo ndipo wengi wenu mtakapokosea. Mkifika sokoni macho yatakwenda kwenye meza ya asali. Inang'aa, mwenye nayo anatabasamu, mnajiona kabisa mmesimama pale mnapendeza. Msithubutu. Mwanzoni mwa msimu, kiangazi kikiisha, nyigu bado wako hai, na wanajua baridi inakuja, kwa hiyo wana hasira na kila mtu. Dieudonné, mpiga besi wangu, Mkongo wa Uvira, mtu mpana mwenye suti moja ya harusi, matanga na soko, alifungua mdomo kuitikia kiitikio akamkuta nyigu yuko mlangoni. Mdomo ulivimba hata nikaimba peke yangu mpaka wauzaji wanafunga. "Papa Nadia," aliniambia, akiniita kwa jina la binti yangu, maneno yenyewe yakitoka yamevimba, "mimi karibu na sukari sirudi tena. Jamais."

Msisimame kwenye mkate, foleni ya mkate inawapa mgongo. Wala kwenye samaki, mnunuzi wa samaki anawaza jokofu lake tu, hana muda na ninyi. Simameni kwenye viazi. Mnunuzi wa viazi hana haraka. Anachukua kimoja, anakigeuza, anakikwangua kwa ukucha, anauliza kama ni cha kuchemsha au cha kuponda, anakirudisha, anachukua kingine. Muda wote huo masikio yake hayana kazi, mnaweza kuyaazima.

Aliyenifundisha hilo ni mzee wa Kiswidi aitwaye Börje. Alipiga kodiani kwenye soko lile kabla yetu, mpaka mabega yakamkatalia. Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi kununua viazi na kunikosoa, na sijui alikipenda kipi zaidi. Siku ya kwanza nilipiga wimbo wetu mzuri kabisa, wenye utangulizi mrefu, beti, kiitikio, halafu sebene, lile gitaa la kuchezesha watu, mwishoni, kama tulivyokuwa tukipiga Bujumbura. Börje alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika mfuko wake. Akasema, "Mzuri. Lakini hakuna aliyeusikia isipokuwa mimi."

Akanieleza. Mtu wa sokoni anaukuta wimbo katikati na anauacha katikati. Ukiweka utamu wote mwishoni, atakayeupata ni mwenye mzigo mzito tu, aliyeshindwa kuondoka. Tangu siku hiyo nilianza na sebene, nikaendelea na sebene, na nikamaliza na sebene. Wazee wangu wa muziki kule nyumbani wangenichapa, lakini wazee wangu hawakuwahi kumpigia mtu aliyebeba kabichi.

Jambo jingine alilonifunza ni kutazama miguu. Mwanzoni nilidhani Waswidi hawatupendi. Unamaliza wimbo, hakuna kofi, hakuna kelele, watu wamekaza nyuso kama wako kwa daktari wa meno. Nilimlalamikia Börje. Akaniuliza, "Wamebeba nini mikononi?" Nikaangalia. Mkono huu mfuko wa karoti, mkono huu boga. Makofi wangepiga na nini? "Tazama chini," akasema. Nikatazama chini, na wallahi, kama walivyosema majirani zangu wa Buyenzi kule Bujumbura, viatu vilikuwa vinacheza! Mama mmoja wa makamo, uso umetulia kabisa, lakini kisigino chake cha kushoto kilikuwa Kinshasa.

Haya, baridi. Msimu wetu ulianza jua likiwa bado na huruma, ukaisha masikio yakiwa yanauma. Mkishuka kwenye treni msitoe gitaa upesi na kuanza kuweka nyuzi sawa. Gitaa limetoka kwenye joto, nyuzi zikikutana na baridi zinajikaza na sauti inapanda, utaziweka sawa na baada ya wimbo mmoja zimeharibika tena, na wewe umeonekana hujui kazi. Liacheni kwenye mkoba mpaka lizoee hewa. Ninyi zungukeni msalimie watu. Vidole je? Glavu zilizokatwa ncha ni za picha tu, ncha ndizo zinazoganda. Dawa ni viazi. Mke wangu, Consolate, alinichemshia viwili kila Jumamosi asubuhi, nikavitia mfuko huu na mfuko huu, na baina ya nyimbo mikono inaingia mfukoni kupata moto. Saa sita vimepoa, unavila na chumvi. Hakuna kifaa cha dukani kinachofanya hivyo.

Na chakula! Nisipoongelea chakula nitakuwa nimewadanganya kuhusu kazi yenyewe. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Sisi tulicheza kwa wenyewe na bado tulitunzwa, tena kwa vya kula. Desturi ya soko lile ni kwamba wakati wa kufunga, muuzaji akikupenda anapita na kuweka kitu kwenye mkoba wa gitaa, bila maneno. Karoti zenye udongo bado. Bitiruti ambazo ukizikata zina miviringo myekundu na myeupe ndani. Plamu zilizopasuka kidogo, ambazo haziuziki lakini ndizo tamu kuliko zote. Kulikuwa na majani yaliyojikunjakunja, ndugu kabisa wa sukuma wiki, na wanasema yanakuwa matamu zaidi yakishapigwa na baridi, na ni kweli. Consolate alichukua matufaha makali, akayakata vipande, akayanyunyizia chumvi na pilipili kama embe bichi, na watoto wakagombania sahani. Boga lilichemshwa na maharage, jinsi linavyochemshwa kwetu. Jumamosi jioni nyumba yetu ya Bredäng ilinukia mpaka kwenye lifti, na jirani mmoja alikuwa na tabia ya kubonyeza ghorofa yetu "kwa bahati mbaya".

Sasa niwasimulie kosa, maana naona mmoja wenu ameshaanza kunong'ona kwamba mzee anasifia viazi tu.

Ilikuwa msimu wetu wa pili. Kulikuwa na mama mmoja aliyeuza matufaha, jina lake Gunnel. Mrefu, mkimya, kofia ya sufu imeshuka hadi kwenye nyusi. Jina lake nililijua kwa Börje tu, kwani mwenyewe hakuwahi kusema zaidi ya "hej", salamu yao fupi. Jumamosi hiyo, mchana kweupe, soko limejaa, Gunnel alitoka nyuma ya meza yake akiwa amebeba kreti zima la matufaha, akalitua mbele ya gitaa langu, akageuka, akarudi zake.

Vijana, ninyi mmezaliwa hapa, kwa hiyo sikilizeni. Kule nilikojifunzia kazi, kwenye mabaa ya Bujumbura, mtu akikutunza hadharani huna ruhusa ya kunyamaza. Unamwita jina lake palepale, katikati ya wimbo. Unataja baba yake, mtaa wake, hata gari lake kama analo. Yeye anainuka, anacheza taratibu mpaka mbele, anakubandika noti kwenye paji la uso, na jina lake linalala kwenye masikio ya watu mpaka kesho. Ukikaa kimya, mji mzima utasema: yule ana mkono wa kupokea, mdomo wa kushukuru hana. Na kreti zima la matufaha! Mtu kama huyo kwetu angeimbiwa mpaka alfajiri.

Basi nikafanya kazi yangu. Nikamkonyeza Dieudonné, besi ikashuka, nikaongeza sauti ya spika, nikaimba, "Gunnel ee, mama wa matufaha! Gunnel, Gunnel! Wengine wanauza, Gunnel analisha! Gunnel hana mpinzani!" Dieudonné akaitikia kwa sauti yake ya pipa, "Gunnel! Gunnel!" Nikaelekeza shingo ya gitaa kwake ili pasiwe na shaka ni Gunnel yupi.

Kiswahili hawakukielewa, lakini jina walilielewa vizuri sana. Vichwa vyote viligeuka. Watu wakaanza kusogea kwenye meza yake kuona kuna nini, wakapanga foleni, maana hapa watu wakiona foleni wanaingia kwanza na kuuliza baadaye. Gunnel akainama nyuma ya makreti yake. Mimi nikadhani anainama kunichukulia mengine. Nikaongeza ubeti.

Hakuinuka. Na upande wa pili nikamwona Roffe, muuza vitunguu na maboga, amekunja mikono, meza yake imebaki tupu kama kanisa Jumatatu. Muuzaji mwingine wa matufaha alikuwa anamnong'oneza sikioni. Nilimtafuta binti yangu Nadia kwa macho. Nadia alikuwa sekondari, umri ule ambao baba ni aibu inayotembea. Alikuja nami sokoni ili anitafsirie mambo magumu, lakini wakati wa muziki alisimama kwenye meza ya maua akijifanya anachagua. Siku hiyo alikuwa ameingia ndani ya maua kabisa.

"Ule mama anakasirika," Dieudonné akaniambia tulipotua. "Juu ya nini? Tumemwimba vizuri!"

Nikamwuliza Nadia kwa Kiswahili, naye, kama kawaida yake siku zile, akanijibu kwa Kiswidi. "Baba, hapa ukiitwa jina lako kwa nguvu mbele ya watu, ni mwalimu amekukamata na kosa. Umemwaibisha."

Sikuamini. Nikataka kubishana. Lakini kabla sijapata maneno alikuja Lennart, msimamizi wa soko, mtu mpole mwenye koti la rangi ya chungwa. Alizungumza taratibu, na Nadia akafafanua pale nilipopotea. Pale sokoni kuna makubaliano: hakuna kumnadi muuzaji mmoja. Kila mtu na meza yake, mteja anachagua mwenyewe. Wauzaji wengine walikuwa wanasema Gunnel ametulipa. Roffe alikuwa amesema zaidi ya hivyo, lakini Lennart hakuyarudia. "Jumamosi ijayo mpige kama kawaida," akasema. "Soko likishafungwa, wauzaji watakunywa kahawa na kuamua kama muziki uendelee."

Niwaambie wazi nilichokuwa ninaogopa. Kanisani vijana wenzenu walishaleta kinanda chenye ngoma ndani yake, na gitaa langu lilibaki pembeni kama mgeni aliyesahaulika sebuleni. Kwenye harusi waliita mtu wa kompyuta. Soko lile ndilo lilikuwa mahali pekee katika nchi hii ambapo mimi bado ni mpiga muziki. Likiniondoa, nabaki mbeba maboksi wa Jordbro siku zote saba. Sikulala vizuri wiki ile, na sioni haya kusema hivyo.

Kabla hatujaondoka nilimfuata Gunnel kumwomba radhi. Alikuwa anapakia gari. Nadia akaja nyuma yangu, umbali wa mtu ambaye anaweza bado kukana. Nikasema nilichokuwa nacho kwa Kiswidi changu cha ghalani: kwetu ni shukrani, samahani, sikujua. Gunnel alishika kreti, akafikiri sana.

"Wimbo ulikuwa mzuri," akasema. "Lakini nimeuza matufaha hapa miaka mingi bila mtu kujua jina langu. Nilikuwa na raha zangu."

Na akacheka kidogo, kwa pua. Ndipo nikajua kwamba yeye hana tatizo na mimi. Tatizo lilikuwa wale wengine, na hasa Roffe.

Börje alinikuta nimekaa juu ya spika, sura imeniangukia. Alikuwa ameshaambiwa yote na nusu ya soko. Akaketi, akafungua mfuko wake, akatoa kiazi kimoja, akanionyesha kama mtu anayeonyesha yai. "Mtu wa kwetu usimsifie yeye," akasema. "Sifia viazi vyake. Atajua mwenyewe ni yeye."

"Wimbo wa viazi?"

"Kwa nini isiwe hivyo? Mimi nimepiga dansi za walsi za kusifia ng'ombe."

Dieudonné alipoelezwa, akapiga paja. "Bon. Ukienda kwa wenye chongo, na weye fumba jicho. Tutaimba kitunguu."

Wiki ile nilitunga wimbo nikibeba maboksi. Kila boksi ubeti. Wenzangu ghalani walidhani naumwa, maana midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Lakini wimbo wa sifa bila majina ni mchuzi bila chumvi, na majina ya vitu vile sikuyajua. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika nilikwenda mapema, kabla ya wanunuzi, nikazunguka meza kwa meza kuuliza. Hiki kinaitwaje? Kimeota wapi? Kinapenda kupikwa vipi? Nadia akiwa nyuma yangu, amenuna, mvua ndogo inatunyeshea. Niliambiwa kuna tufaha linaitwa Ingrid Marie, nikasema huyo simwimbi, nimeshaungua mara moja na jina la mwanamke. Gunnel akageuka upande mwingine, mabega yakitikisika.

Nilimwacha Roffe awe wa mwisho. Alikuwa anashusha maboga, na maboga yale aliyapanga kwenye gari juu ya majani yake mwenyewe, mabichi, makubwa, ili yasigongane. Anatoa boga, anatupa majani chini. Roho ikaniuma. Nyie mnajua majani ya boga yakipikwa na karanga?

"Hayo unayatupa?" nikamwuliza.

Roffe akanitazama kwa mara ya kwanza. "Kwani una sungura wangapi?"

"Sina sungura. Nina mke."

Akasimama na boga mikononi. Nadia akafunika uso. Halafu nikaona mashavu ya Roffe yanahangaika, yanataka kufanya kitu ambacho hayajazoea, na kicheko kikamtoka kifupi kama chafya. Nikamweleza namna ya kuyapika: unamenya nyuzi za bua, unakatakata, nyanya, kitunguu, karanga za kusaga. Nilipotaja kitunguu aliniuliza kitunguu gani. Nikamwambia chako. Akakusanya majani yote, akayafunga kwa kamba, akanipa, kisha akarudi kwenye kununa kwake kama mtu aliyerudi kazini.

Tulipiga. Mvua ilikuwa ndogo lakini haikukatika, tukafunga turubai juu ya spika, na Dieudonné akavaa mfuko wa plastiki juu ya kofia yake ya suti. Tulipofika kwenye wimbo mpya, moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko besi. Niliimba Kiswahili, lakini kila zao nililitaja kwa Kiswidi, na sikumtazama muuzaji hata mmoja. Niliitazama karoti. Karoti, binti wa udongo, umefichwa lakini rangi yako imekusaliti. Kabichi, mwenye nguo nyingi kuliko bibi harusi. Viazi, mtulivu wa nyumba zote. Nilipofika kwenye tufaha nililiinua moja juu na kuliimbia lenyewe, na kule nyuma Gunnel hakuinama. Aliendelea kupanga makreti, lakini alipanga kwa mdundo.

Watu walianza kuelewa mchezo. Nikitaja zao, vichwa vinageuka kwenye meza yake, halafu zao linalofuata, vinageuka tena, soko zima linazunguka kama watu wanaotazama mpira. Kila muuzaji alikuwa anasubiri zamu yake na anajitahidi isionekane kwamba anasubiri. Muuza uyoga alisogeza kikapu chake mbele. Muuza liki, zile ndugu za kitunguu zenye majani marefu, alizisimamisha zilizokuwa zimelala.

Roffe alikuwa kwenye kona ya mwisho, kwa hiyo vitunguu vilikuwa mwisho. Lakini mimi, vijana, pale katikati ya sebene nikanogewa. Dieudonné alikuwa amefungua ukurasa mwingine wa besi, vidole vyangu vilikuwa moto, nikaenda, nikaenda, nikaanza kuelekea kuufunga wimbo. Ndipo nikamwona Roffe. Alikuwa amesimama mbele ya meza yake, kwenye mvua, ameinua kwa mikono yote miwili shada refu la vitunguu vilivyosukwa, amelishikilia juu ya kichwa chake. Hakucheka. Alikuwa ananitazama tu, kama mtu anayesimamisha basi.

"Lök!" nikapiga kelele, na hilo ndilo jina la kitunguu kwao. "Lök, mfalme! Unaliza watu na hakuna anayekuchukia!" Dieudonné akaitikia, "Lök! Lök!" na safari hii tuliitikiwa na soko. Sikusema Roffe. Wala hakukuwa na haja, kila mtu alijua.

Soko lilipofungwa, wauzaji wakaenda nyuma ya magari kunywa kahawa na kuamua. Sisi tukabaki chini ya turubai. Dieudonné alikunja waya, akaukunjua, akaukunja tena. Nadia alikuja akakaa juu ya mkoba wa besi, karibu nasi kabisa, mbele ya watu. Börje naye alikuwepo, amesimama kando na viazi vyake, akijifanya anasubiri mvua ikatike.

Wauzaji walianza kurudi kwenye meza zao, mmoja mmoja, wakiendelea kufunga kama kawaida. Roffe alipita na ngazi begani, akatazama mbele. Mwishowe Lennart akaja na koti lake la chungwa. Hakutupa mkono, hakutabasamu. Akaonyesha kidole kwenye sanduku la umeme lililo ukutani. Umeme wa pale ulikuwa wa wenye meza peke yao. Sisi tulipiga kwa betri, na hatukuwahi hata kuligusa sanduku lile.

"Ile soketi ya pembeni haitumiki," akasema. "Jumamosi ijayo mje na waya mrefu. Na mvua ikinyesha msiuache chini, ni hatari."

Akaondoka. Dieudonné alinitazama, mimi nikamtazama Nadia. Maneno nilikuwa nimeyasikia yote, lakini sikuyaamini masikio yangu, nilitaka nisikie kwa mtu mwingine.

"Amesema nini?" nikamwuliza.

Nadia alikuwa ameinamisha kichwa, anafuta maji kwenye shingo ya gitaa langu kwa mkono wa sweta lake. Akanijibu kwa Kiswahili, taratibu, akitafuta maneno.

"Amesema tunabaki, Baba."